Kuufuata Mtungi Hadi Kilungu

Mto Sabaki unaingia Bahari Hindi kati ya Malindi na Mambrui, na kila mvua kubwa inaponyesha bara, maji yake hugeuka rangi ya matofali na kutuletea pwani chochote kilichoachwa kandokando ya njia yake. Sisi wa Malindi tunaijua mizigo hiyo tangu utotoni: magogo, ndara za mguu mmoja, vifuniko vya chupa, na vipande vya njano vya mitungi ya maji, vimesuguliwa na mchanga hata kingo zake hazikati tena. Chupa ya maji ya kunywa hufika ikiwa imefungwa kifuniko, kwa kuwa plastiki yake ni nzito kuliko maji na ikijaa huzama. Kipande cha mtungi hakizami. Plastiki yake ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo mto ukishakichukua, hauna pa kukiacha isipokuwa kwenye tope, kwenye miti ya mikoko au baharini.

Sabaki ukiufuata kwenda juu unaitwa Galana, na juu zaidi unaitwa Athi. Athi inapokea maji machafu ya Mto Nairobi, na humo ndimo unamotoka mzigo mkubwa wa taka. Lakini inapokea pia Mto Thwake, na Thwake inapokea Kaiti, na Kaiti inashuka kutoka vilima vya Kilungu, Makueni. Mwenzangu mmoja ambaye huwa tunaokota naye taka ufuoni amezaliwa huko. Siku moja aliniona nimeshika shingo ya mtungi, mkono wake ungali mzima, akasema, "Kwetu hiki hakitupwi. Kwetu mtungi hauishi." Nilitaka kuona mahali ambapo mtungi hauishi. Mwezi wa Agosti alipokwenda kumwamkia mama yake, nilifuatana naye. Sikuwa nimewahi kufika Ukambani ila kupita tu ndani ya basi.

Tulipanda Miritini treni ile inayosimama stesheni zote, tukashuka Emali mchana, tukaingia matatu ya kuelekea upande wa Nairobi. Tulipita Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, siku ambazo reli ya kwanza ilikuwa ikijengwa kupitia nchi hiyo. Mtu wa pwani hawezi kupita hapo bila kugeuza shingo. Lakini nilichokuwa nikikitazama zaidi ni mitaro ya barabara. Kando ya Barabara ya Mombasa, mwendo wote ule, chupa tupu za maji na soda zimelala kwenye nyasi kavu. Hazikutupwa na wenyeji wanaochunga mbuzi hapo. Zimerushwa na abiria kupitia madirisha ya mabasi na magari madogo, watu wanaokwenda zao ambao hawatayaona tena majani waliyoyachafua.

Kitu kimoja sikukiona, na kutoonekana kwake kulinifurahisha. Miiba ya migunga haikuning'iniza mifuko. Kabla ya tarehe 28 Agosti 2017, siku ambayo marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutumika Kenya, vichaka vya njia hii vilikuwa vimevaa nailoni nyeusi, buluu na nyeupe, na mbuzi walikuwa wakizila. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba maduka makubwa ya Kenya peke yake yalikuwa yakitoa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Sheria ilikuja na adhabu nzito, faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Wako waliolalamika, na wako wanaoingiza mifuko kwa magendo hadi leo. Hata hivyo macho yangu ni shahidi: vichaka vya Makueni vimepumua.

Katika mji wa Salama tuliiacha barabara kuu, tukapinda kulia, na gari likaanza kupanda. Hapo ndipo nilipojua kwamba neno Ukambani lilikuwa na picha moja tu kichwani mwangu, ya nchi kavu ya vumbi na mibuyu. Kilungu ni nchi nyingine. Vilima vinafuatana, kimoja nyuma ya kingine, na kila ubavu umekatwa matuta kutoka bondeni hadi karibu na kilele. Ni matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huchimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu ili uzuie maji ya mvua. Mengi yalichimbwa kwa mwethya, yaani kundi la majirani wanaohama kutoka shamba hadi shamba wakifanyiana kazi. Juu ya matuta kuna mahindi, maharagwe, migomba, miparachichi, na hapa na pale kahawa. Tulipofika soko la Nunguni ukungu ulikuwa umeshuka barabarani na nikavaa kila nguo niliyokuwa nimebeba.

Mama mwenyeji alitupokea mlangoni. Alinisalimu kwa Kikamba, mwanawe akanifasiria, kisha akageukia Kiswahili: "Karibu, mwanangu. Umetoka mbali, keti karibu na moto." Chakula kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, na maji ya kunawa yakamiminwa kutoka mtungi mdogo wa lita tano uliokuwa na umri mkubwa kuliko mjukuu aliyeushika.

Asubuhi nilimwomba mama anionyeshe mitungi ya nyumba yake. Alishangaa kidogo, kwa kuwa hakuna mgeni anayekuja kuangalia mitungi, lakini alinipitisha. Ilikuwepo ya maji ya kunywa, imesimama kwenye kivuli ndani ya jikoni, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa kwa kazi nyingine. Ilikuwepo ya maji ya ng'ombe na ya kufulia. Mmoja ulikuwa umefungwa waya shingoni, alama ya kwamba una mafuta ya taa, ili hata gizani mtu asikosee. Kwenye kona ya ghala palikuwa na mitungi iliyokaushwa kabisa na kujazwa mbegu za maharagwe, vifuniko vikakazwa juu ya kipande cha nailoni. Maarifa haya yana sababu yake: punje na wadudu wakifungiwa pamoja pasipopita hewa, wadudu huimaliza hewa iliyomo na kufa, na mbegu hubaki salama bila dawa.

Nje ndiko nilikoona maana ya maneno ya mwenzangu. Mtungi uliokwisha kubeba maji ulikuwa umepasuliwa kwa urefu ukawa hori la kuku. Nusu ya juu ya mwingine ilikuwa faneli. Mwingine, umekatwa tundu ubavuni, ulikuwa na mche wa sukuma wiki. Karibu na choo ulining'inia mdogo wenye kamba na kijiti cha kukanyagia, kibuyu chirizi, ambapo mtu hunawa bila kushika kitu. Ulitengenezwa mwaka 2020 wakati wa korona na haujaondolewa. Lango la zizi lilikuwa na bawaba za ukanda wa plastiki ya njano zilizopigiliwa misumari. Hata wavu wa banda la sungura ulikuwa umezibwa pembe kwa vipande vya namna hiyo. Nilimuuliza mama ule mtungi wa bawaba ulikuwa na umri gani. Alisema alikuja nao kutoka dukani ukiwa na mafuta ya kupikia mwaka ambao kitinda mimba wake alianza shule. Kitinda mimba huyo ndiye mwenzangu wa Malindi, mwenye mvi kadhaa.

Tulikwenda kuteka maji pamoja. Chemchemi iko bondeni, na njia ya kurudi ni mlima mtupu. Aliyenacho hutumia punda, mitungi minne ya lita 20, miwili kila upande. Asiyenacho hubeba mgongoni kwa mukwa, mkanda unaopita juu ya paji la uso. Maji ya mtungi mmoja ni kilo 20. Mtungi wenyewe ukiwa mtupu una uzito wa kilo moja au karibu yake, na uzito huo mdogo ndio ulioviweka nyungu na kibuyu pembeni. Nyungu humwongezea mwanamke uzito wa udongo juu ya uzito wa maji, na ikianguka imekwisha. Mtungi ukianguka unadunda. Shingo yake ni nyembamba, mtoto hawezi kutia mkono wala kata chafu ndani, na hilo limeokoa matumbo mengi. Nasema haya waziwazi kwa sababu sisi tunaookota taka pwani huwa wepesi wa kuilaani plastiki yote kwa jumla. Anayeilaani yote aende akapande mlima wa Kilungu na nyungu mgongoni.

Plastiki hii ina historia fupi. Tarehe 27 Machi 1933, katika kiwanda cha kampuni ya ICI karibu na mji wa Northwich, Uingereza, wakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakijaribu gesi chini ya shinikizo kubwa sana, na ndani ya chombo wakakuta kitu cheupe kinachofanana na nta. Ndiyo polietilini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilitumika kufunika nyaya za rada. Mwaka 1953 Mjerumani Karl Ziegler, katika mji wa Mülheim, alipata njia ya kuitengeneza kwa shinikizo dogo, ikatoka ngumu na nzito zaidi, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963 pamoja na Mwitaliano Giulio Natta. Umbo la mtungi nalo linatokana na debe la chuma la petroli la jeshi la Ujerumani la miaka ya 1930. Vitu hivyo viwili vikakutana, vikajazwa mafuta ya kupikia, vikafika Nunguni. Polietilini nzito ndiyo utakayoikuta pia katika chupa za dawa ya kufulia, madebe ya maziwa, mabeseni na mabomba meusi ya maji. Geuza mtungi wako utazame kitako: pembetatu ya mishale yenye namba 2 ndani ndiyo alama yake.

Siku ya soko mwenzangu alinipeleka kwa fundi. Anakaa kando ya washona viatu, na kazi yake ni kuziba mitungi. Nitamweleza kwa kirefu kwa sababu sijaona kazi iliyonifundisha zaidi ya hii katika safari nzima.

Ana jiko dogo la makaa, vyuma vitatu bapa vyenye mishikio ya mbao, msumari mrefu, kisu, na mkebe uliojaa vipande vya mitungi iliyokufa. Mwanamke mmoja alimletea mtungi wenye ufa chini ya mkono. Kwanza fundi aliuangalia ufa hadi mwisho wake, kwa kuupinda kidogo ili uonekane. Kisha akapasha msumari moto akatoboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa. Nilidhani anauharibu. "Ufa hutembea," akaniambia. "Ukikuta tundu la mviringo unasimama. Ukiuziba bila hivyo, kesho utakuwa umepita upande wa pili wa kiraka." Akakwangua kwa kisu sehemu yote inayouzunguka ufa, maana jua limeichoma ngozi ya juu na iliyochomwa na jua haishikani na kitu. Ndipo akatoa ukanda mwembamba kutoka mkebe wake, akauweka juu ya ufa, akapitisha chuma cha moto kati ya viwili hivyo mpaka vyote vikalainika, akakiondoa chuma na kukandamiza kwa kidole gumba kilicholowa maji.

Nilimuuliza kwa nini asitumie gundi. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hii haikubali gundi. Hakuna gundi ya dukani inayoishika. Inakubali nduguye tu." Na ni kweli, polietilini ina uso unaokataa karibu kila kitu, ndiyo sababu ni vigumu kuiunga ila kwa joto, kwa plastiki ya aina ileile. Ndugu huyo anamjuaje? Alichukua vipande viwili vinavyofanana rangi, akavichoma ncha. Kimoja kiliwaka polepole kikidondosha matone, na harufu yake ilikuwa ya mshumaa uliozimwa. Cha pili kilitoa moshi mkali wa kuchoma pua, akakizima haraka na kukitupa mbali. "Hiki si cha mtungi. Hiki ni sumu." Hajasomea kemia ya plastiki. Ana pua yake, na miaka aliyokaa kwenye kigoda kile.

Alipomaliza aliujaza mtungi maji, akaulaza ubavu ambao kiraka kiko chini, akaendelea na mwingine. Mwenye mtungi alirudi baada ya kununua chumvi na mboga, wakatazama pamoja udongo chini ya mtungi. Ulikuwa mkavu. Akalipa, akaondoka. Hata kifuniko cha kwanza cha mtungi ule hakikuwepo tena. Shingo yake ilikuwa imezibwa kwa gunzi la mahindi.

Nyuma ya soko, mahali panaponunuliwa vyuma chakavu, kuna kijana anayenunua plastiki. Ana mizani ya kuning'iniza na kibanda cha mabati kilichojaa magunia. Huko ndiko mtungi unakokwenda ukishashindikana hata kwa fundi, ikiwa utakwenda popote. Alinionyesha namna anavyochambua. Mitungi na mabeseni gunia lake. Chupa za maji gunia lake. Nyeupe isiyotiwa rangi anaiweka peke yake, kwa kuwa kiwanda kinaweza kuitia rangi yoyote na hivyo huilipia zaidi. Za rangi mchanganyiko huishia kuwa vitu vyeusi. Vipande asivyovijua anavitia katika beseni la maji. Vinavyoelea ni ndugu wa mtungi na wa vifuniko, vinavyozama ni ndugu wa chupa ya soda na wa mabomba ya kijivu. Kipimo kilekile ambacho bahari hutupimia sisi Malindi.

Kutoka kwake mzigo hupakiwa lori kwenda Nairobi. Kiwandani plastiki huoshwa, husagwa kuwa chenga, huoshwa tena, huyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 130, husukumwa kupitia matundu kama tambi na kukatwa kuwa punje. Punje hizo ndizo zinazonunuliwa na watengenezaji wa mabomba, mabeseni, na nguzo za uzio zisizoliwa na mchwa. Kila inapoyeyushwa inapungua nguvu kidogo, kwa hiyo mara nyingi huchanganywa na mpya. Haizunguki milele, lakini inazunguka, na kati ya plastiki zote tunazotumia nyumbani hii ni mojawapo ya zile zinazokubali kuzunguka kwa urahisi.

Basi kwa nini vipande vyake vinafika kwetu? Kijana alinijibu kwa kunyanyua gunia la mitungi mizima kwa mkono mmoja. Gunia lilikuwa kubwa kuliko yeye na mizani haikufika mbali. "Umebeba hewa," akasema. Lori la mitungi isiyokatwa ni lori la hewa, na dereva anataka nauli ya lori zima. Ndiyo sababu anaikata kwa panga usiku na mchana, mikono imejaa malengelenge. Mashine ndogo ya kusaga ingemwezesha kutia ndani ya gunia moja kile anachokitia sasa katika mengi, lakini bei ya mashine hiyo imemshinda. Na bei anayolipwa yeye haipangwi Nunguni. Plastiki mpya inatokana na mafuta na gesi ya ardhini. Bei ya mafuta duniani ikishuka, punje mpya zinakuwa rahisi, kiwanda hakitaki tena za zamani, na kijana wa Kilungu anaambiwa kwa simu kwamba wiki hii hawanunui. Mwaka 2017 watafiti watatu wa Marekani, Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law, walionyesha kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizotokea duniani hadi 2015 ni asilimia 9 tu iliyowahi kurejelezwa kiwandani. Ukisimama ndani ya kibanda kile unaelewa namna asilimia inavyokuwa ndogo.

Nilimuuliza ni nini asichokinunua. Akanyoosha mkono kuelekea korongo lililo nyuma ya soko.

Huko chini nilikwenda, na sitaki kulipamba. Palikuwa na nepi za watoto, vifuko vidogo vya sabuni ya shilingi chache, karatasi za biskuti zenye ngozi ya fedha ndani, vikombe vya maziwa mgando, na nailoni nyembamba iliyofungiwa mikate. Hakuna hata kipande cha mtungi. Hakuna fundi anayeziba vifuko hivyo, hakuna mnunuzi anayevipima. Vimetengenezwa kwa tabaka za plastiki tofauti zilizogandamana, hazitenganishiki. Korongo lile halina maji mwezi wa Agosti. Mvua za Novemba zikija litakuwa na maji, na maji yote ya mahali pale yana njia moja.

Majumbani wengi huchoma. Mama naye ana shimo nyuma ya migomba. Nilimwona pia jirani akiwashia jiko la makaa kwa kipande cha plastiki, kama inavyofanyika katika nyumba nyingi za Kenya, maana hushika moto upesi kuliko kijiti kibichi. Polietilini safi inapochomwa jikoni hutoa moshi unaodhuru mapafu. Aina nyingine, hasa ile ya mabomba ya kijivu na nyaya, hutoa sumu mbaya zaidi. Mama wa watu ameinama juu ya jiko hilo na mtoto yuko mgongoni. Nilimweleza, akasikiliza, akaniuliza swali lililonibakia: "Sasa mwanangu, nikiacha kuchoma, anayekuja kuichukua ni nani?"

Jambo moja lilinitia hofu kuliko korongo. Wakulima wa kahawa na mboga hununua dawa za kunyunyizia, na chupa zake ni za plastiki hiyohiyo ya namba 2, imara, zenye kifuniko kizuri. Katika nchi ambako mtungi hautupwi, mkono wa mtu huona vibaya kutupa chombo kizima. Lakini plastiki hii huinywa dawa kidogo kidogo, na kuosha hakuitoi yote. Chupa ya dawa isuuzwe mara tatu, maji yake yarudishwe kwenye pampu ya kunyunyizia, kisha itobolewe kitako ili isimshawishi mtu kuitilia maziwa. Na hata kwa mnunuzi isichanganywe na mitungi ya mafuta ya kupikia. Fundi wa sokoni hazizibi kabisa, hata akiombwa.

Wakenya tumeshaonyesha tunaweza kufanya makubwa na vitu hivi. Nzambi Matee alianzisha Nairobi kampuni ya Gjenge Makers, inayochanganya plastiki na mchanga na kutoa matofali ya kutandaza chini, na mwaka 2020 akatambuliwa na Umoja wa Mataifa. Kwetu pwani, fundi Ali Skanda na wenzake wa Lamu waliunda dau la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likang'oa nanga mwaka 2019 kutoka Lamu hadi Zanzibar. Nilimsimulia mzee wa viraka habari za dau hilo. Hakuuliza linakwenda kasi gani. Aliuliza mbao zake waliziunganisha vipi.

Kazi hizo ni za kuheshimiwa, lakini hazitafika kwenye korongo la Nunguni. Kinachoweza kufika ni sheria. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inasema anayeingiza sokoni bidhaa au vifungashio awajibike kwavyo hata baada ya kutumika, na kanuni za kuitekeleza zilitolewa mwaka 2024. Maana yake kwa lugha ya kibanda kile ni rahisi: kampuni inayouza mafuta, sabuni na biskuti hadi kilele cha Kilungu ilipe pia nauli ya kurudisha vifungashio vyake chini. Lori linalopanda limejaa hushuka tupu. Nililiona kwa macho yangu, likiwa na nembo mpya ubavuni, likipita mbele ya magunia ya yule kijana bila kusimama.

Watu wa Kilungu wametimiza upande wao. Wanatumia, wanaziba, wanakata, wanatumia tena, na kinachobaki wanakipeleka kwenye mizani pale mizani ilipo. Serikali ya Kaunti ya Makueni iweke ghala na mashine ya kusaga Nunguni na katika masoko mengine ya vilimani, na mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, ihakikishe wenye viwanda wanazilipia gharama zake. Wenye viwanda nao waache vifuko vya tabaka zisizotenganishika, kwa kuwa hata kwa fedha zao havina pa kurudi.

Nawe msomaji unayesafiri Barabara ya Mombasa, chupa uliyonunua Mtito Andei shuka nayo mwisho wa safari yako. Usiitupe dirishani.